Padre Asiyepiga Kura

Askofu Joseph Hirth wa Wamisionari wa Afrika alipofungua seminari Rubya, katika vilima vya Ihangiro, mwaka 1904, alijitwisha mzigo ambao mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza anaujua. Vijana wake hawakuwa na lugha moja. Wengine walitoka kwenye migomba ya Buhaya, wengine ng'ambo ya ziwa, Ukerewe, na wengine wakaletwa kutoka Rwanda. Masomo yenyewe yalidai Kilatini, ambacho hakuna aliyekisikia nyumbani kwao. Waliovumilia walivumilia muda mrefu: mapadre wanne wa kwanza wazalendo wa Tanzania, Oscar Kyakaraba, Wilbard Mupapi, Celestine Kipanda na Angelo Mwirabure, walipewa daraja tarehe 15 Agosti 1917. Oktoba mwaka huohuo wakafuata Wanyarwanda wawili waliopitia Rubya, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, huko Kabgayi.

Tumezoea kuisimulia historia ya Rubya kwa majina ya waliofika kileleni, na Laurean Rugambwa, aliyesoma hapo kabla ya kwenda Katigondo na hatimaye kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, hasahauliki kamwe. Mimi navutiwa zaidi na jambo lisilopigwa picha: kijana aliyelemewa na masomo, au aliyeanza kushuku kwamba upadre si wito wake, alimwendea nani?

Jibu liko kwenye mpangilio wa seminari zote za Kikatoliki. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka huohuo wa 1917 iligawa madaraka: gombera, yaani mkuu wa seminari, asimamie nidhamu, walimu wafundishe, mtunza mali awe mtu mwingine, wawepo waungamishaji wasiopungua wawili, na awepo padre mlezi wa kiroho. Kisha ikaweka sharti moja dogo lenye akili nyingi: unapojadiliwa uamuzi wa kumpa kijana daraja au kumfukuza, waungamishaji wasiulizwe kura yao. Sheria mpya ya 1983 ikamwingiza na mlezi wa kiroho katika katazo hilo. Kwa hiyo seminari inaye mtu anayewajua vijana kuliko wote, na mtu huyohuyo hana sauti juu ya hatima yao. Kijana anaweza kumwambia kwamba anataka kuondoka, na neno hilo lisifike kwa gombera.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliongeza jambo jingine la manufaa. Uliagiza masomo ya seminari ndogo yapangwe hivi kwamba kijana akichagua njia nyingine ya maisha aweze kuendelea kusoma kwingine bila taabu. Hilo lilipunguza aibu ya kuacha, maana anayetoka anatoka na elimu inayomfaa. Shule nyingi za mashirika ya dini zilipotwaliwa na serikali chini ya sheria ya elimu ya 1969, seminari ziliachwa mikononi mwa Kanisa, na utaratibu huo ukaendelea.

Nje ya uzio wa seminari mambo yalikwenda polepole. Wizara ya elimu ilianza kuzungumzia rasmi huduma ya ushauri shuleni katika mkutano wa Arusha wa Desemba 1984. Kagera, mkoa ilipo Rubya, wakati huo ilikuwa tayari na msiba wake. Mwaka mmoja kabla, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa mkoani humo, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka kumi baadaye madarasa ya Muleba yalijaa watoto waliozika mzazi mmoja au wote wawili. Mtoto anasinzia darasani kwa sababu usiku kucha alikuwa anamuuguza mama. Mwalimu anaona uvivu.

Katika hali hiyo, mwaka 1997, mradi wa Humuliza ulianzishwa Nshamba, wilayani humohumo, kwa msaada wa shirika la terre des hommes la Uswisi. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwafundisha walimu kuitambua huzuni ya yatima na kuzungumza naye. Mwaka 2000 yatima wenyewe wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara, wakawa wanatembeleana na kusaidiana. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na werevu mkubwa: kijana anamsikiliza kijana mwenzake, na hakuna kati yao mwenye rejista ya adhabu.

Serikali ilitoa waraka wa huduma za ushauri na unasihi mwaka 2002, ukiagiza wakuu wa shule wateue walimu wa kuifanya kazi hiyo. Mwaka huohuo zilitoka kanuni za adhabu ya viboko: visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa yake kwa maandishi. Kwa hiyo kanuni za kiboko na waraka wa unasihi vilitolewa mwaka mmoja. Agosti 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, mjini Bukoba, alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba, na mahakama ikamtia mwalimu hatiani kwa mauaji. Mwongozo wa kitaifa wa ushauri, unasihi na ulinzi wa mtoto ulifuata mwaka 2020.

Mwongozo ni mzuri, lakini mnasihi wa shule ya kata bado ni mwalimu mwenye vipindi vyake vya hesabu au jiografia. Jumatatu anapangiwa zamu, anasimama getini na fimbo akiwasubiri wachelewaji. Alhamisi anamwita mmoja wao ofisini, anamvutia kiti, anamwambia aseme lolote linalomsumbua. Mtoto anajibu kwamba hana tatizo lolote, mwalimu.