Herufi Mbili Ubavuni mwa Injini: Jinsi ya Kusoma Namba za Triumph ya Zamani

Tuseme rafiki yako kapata Triumph Bonneville ya zamani. Muuzaji anasema ni ya 1970, namba ya injini na ya fremu zinalingana, na kwa sababu hiyo bei iko juu. Utajuaje kama anasema kweli?

Kiwanda cha Triumph kilikuwa Meriden, karibu na Coventry, Uingereza. Kilihamia huko mwaka 1942, baada ya kile cha Coventry kupigwa mabomu Novemba 1940. Bonneville T120 ya cc 650 iliingia sokoni kama modeli ya 1959. Kila pikipiki iligongwa namba ileile mara mbili: kwenye injini, upande wa kushoto, chini kidogo ya silinda, na kwenye fremu.

Ndani ya msimu wa 1969, kiwanda kikaanza kutanguliza herufi mbili kabla ya namba. Ya kwanza ni mwezi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Ya pili ni mwaka: C 1969, D 1970, E 1971, G 1972, na kuendelea. Umeona hakuna F? Basi ukikuta namba inaanza na FD, shtuka.

Lakini kuna mtego. Herufi ya pili ni mwaka wa modeli, na msimu wa kiwanda ulianza Agosti. Kwa hiyo JD ni Agosti 1969, si Agosti 1970. Muuzaji akisema 1970 na kadi ikisema 1969, huenda wote wawili wako sahihi.

Sasa tuje kwa wajanja. TR6 ilikuwa na injini ya cc 650 pia, ila kabureta moja badala ya mbili, na T120 ndiyo wanayoitafuta wengi. Ukifuta "TR6" kwa tupa na kugonga "T120", umeshapandisha bei. Kwenye injini za miaka ya mwanzo ilikuwa rahisi, maana sehemu ya namba ilikuwa bapa tupu. Kuanzia 1969, sehemu hiyo iliwekewa jina Triumph dogo dogo, likijirudia nyuma ya namba. Ukipiga tupa, jina linafutika pia. Kwa hiyo, kwenye injini ya kipindi hicho, angalia mandhari ya nyuma kabla hata hujasoma namba.

Na fremu je? Hapa sayansi inasaidia. Chuma cha pua au cha kawaida kikigongwa, chembe zake hubanwa na kupinda hadi chini ya kina unachokiona. Tupa huondoa namba, lakini tabaka lililobanwa hubaki. Maabara za uchunguzi hupaka mchanganyiko wa asidi na kloridi ya shaba. Sehemu iliyobanwa huliwa tofauti na jirani zake, na namba iliyofutwa hujitokeza tena.

Usikimbilie kumwita mtu mwizi, hata hivyo. Injini zilipasuka, zikabadilishwa, na maganda mapya ya injini yaliuzwa bila namba. Namba kutolingana kunaweza kuwa historia ya matengenezo tu. Na kinyume chake: namba zinazolingana zinaonyesha kwamba sehemu mbili zinakubaliana, lakini mtu mmoja mwenye nyundo anaweza kuzigonga zote mbili.

Ndiyo maana unahitaji shahidi wa tatu, ambaye mwenye nyundo hawezi kumfikia: leja za kiwanda. Zile za Meriden zinatunzwa na Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, na zinaonyesha ni modeli gani ilitoka kwa namba ipi, na lini. Mwambie rafiki yako apige picha ya namba zote mbili, aulize huko, kisha ndiyo afungue pochi.