Kamba za Pangani

Tulikuwa watu saba. Tulivuka mto kwa pantoni, tukapanda kilima cha Bweni kwa miguu kuelekea Kikogwe. Nyuma yetu mji wa Pangani ulionekana wote, pamoja na minazi na mlango wa mto. Huko ndiko aliponyongwa Abushiri bin Salim, Desemba 1889, kwa kuongoza vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyoanza kuitwaa pwani mwaka 1888.

Wenzangu walimsifu, nami namsifu. Hata hivyo, alikuwa pia mwenye shamba la miwa, na miwa ya bonde hili ililimwa na watumwa. Hilo halifuti ushujaa wake. Ila si kila aliyeipigania pwani aliupigania uhuru wa kila mtu aliyeishi humo.

Kikogwe ndiko ulikopandwa mkonge, baada ya Dkt. Richard Hindorf kuagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ni 62 tu. Humo ndimo yalimotoka mashamba makubwa ya Tanga, na vibarua walioletwa kutoka mbali kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo.

Abushiri tunamkumbuka kwa kamba moja. Waliotoa jasho ili dunia ipate kamba zake, majina yao hayakuhifadhiwa. Walihesabiwa kwa namba, wakaitwa manamba. Tulipopumzika kivulini niliwaomba wenzangu tuwataje hao pia, pamoja na watumwa wa miwa, kila tunapoisimulia Pangani.