Boga

Boga ni tunda la mimea itambaayo ya jenasi Cucurbita, jamaa wa tango na tikiti maji. Asili yake ni Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, zilichimbuliwa mbegu za maboga yaliyolimwa takribani miaka 10,000 iliyopita, kabla mahindi hayajawa zao.

Ajabu ni kwamba wakulima wale wa kwanza hawakuifuata nyama ya boga. Maboga ya mwituni yalikuwa madogo, yenye ganda gumu na uchungu mkali utokanao na kemikali iitwayo kukurbitasini. Mastodoni, jamaa wa tembo waliokwisha kutoweka, waliyala na kutawanya mbegu. Binadamu alizitaka mbegu hizo kwa mafuta yake, na ganda alilifanya chombo. Kwa vizazi vingi wakulima walipanda mbegu za matunda yaliyopungua uchungu, hadi nyama nayo ikalika.

Wahaudenosaunee wa Amerika Kaskazini waliyapanda pamoja na mahindi na maharage: maharage hupanda juu ya mabua ya mahindi na kurutubisha udongo, nayo majani mapana ya maboga hufunika ardhi magugu yasiote. Mkulima wa Afrika Mashariki anayechanganya mazao hayohayo hahitaji maelezo zaidi.

Baada ya safari ya Columbus ya 1492 maboga yalienea upesi. Yamo katika mapambo ya jumba la Villa Farnesina, Roma, yaliyochorwa na Giovanni da Udine kabla ya 1520. Afrika nayo iliyapokea kama yake. Tusiyachanganye na kibuyu (Lagenaria siceraria), ambacho ndicho mwenyeji wa Afrika na kilikuwa Amerika maelfu ya miaka kabla ya Columbus.

Waswahili wa pwani hulipika boga kwa tui la nazi, hasa kwa futari ya Ramadhani. Bara, majani machanga nayo ni mboga inayothaminiwa. Jimbo la Steiermark nchini Austria hukamua mafuta ya kijani iliyokolea kutoka mbegu zisizo na ganda gumu. Wamarekani huchonga maboga sura za kutisha kila Oktoba, desturi waliyoletewa na wahamiaji wa Ireland, ambao kwao walichonga tanipu.

Uchungu wa mwituni huweza kurudi, hasa mbegu zikitoka kwenye mimea iliyochavushwa na maboga ya mapambo. Boga likiwa chungu mdomoni, litupwe: kupika hakuondoi kukurbitasini, ambayo ni sumu.