Fahamu Jinsi ya Kuelewa Madongo na Maneno ya Mtaani Kwenye Hip Hop

Kuna watu wanaimba ngoma neno kwa neno, lakini ukiwauliza msanii anamsema nani, wanakuangalia tu. Mistari ya hip hop inapita haraka, imejaa maneno ya mtaani, na dongo lenyewe mara nyingi limefichwa. Mambo haya matano yatakusaidia kulinasa.

1. Jua neno lilikotoka

Chukua "Bongo". Linatokana na ubongo. Vijana waliita hivyo jiji la Dar es Salaam, kisha Tanzania nzima, wakimaanisha kwamba bila kutumia akili hapa hutoboi. Yaani jina lenyewe tayari linalalamikia ugumu wa maisha.

"Kijiwe" ni sehemu ya vijana kukaa na kupiga stori. Rapa akisema anashinda kijiweni, mara nyingi anakuambia hana ajira. "Kuzamia" ni kwenda nje kwa njia za panya, kama kujificha melini. "Kubeba boksi" ni kazi ngumu za mikono huko ughaibuni. Maneno hayo mawili yakikutana kwenye ubeti mmoja, unasikia stori ya kijana aliyekimbia umaskini nyumbani akakutana na shida nyingine ugenini.

2. Angalia pesa inavyotajwa

Jero ni shilingi 500, buku ni 1,000. Msimbazi ni noti ya 10,000, kwa sababu ni nyekundu kama jezi ya Simba, klabu ya mtaa wa Msimbazi. Mkwanja na mshiko ni pesa kwa ujumla, na kufulia ni kuishiwa kabisa.

Usiyachukulie kama mapambo. Anayehesabu majero anaongelea mlo wa leo. Anayetaja mkwanja mrefu anaongelea dili, na hapo jiulize dili hilo ni la halali au la wizi.

3. Neno moja, nchi mbili

Dar, "soo" ni aibu au msala. Nairobi, kwenye Sheng, "soo" ni shilingi 100. Kabla hujatafsiri, jua msanii anatoka wapi.

Jua na mwaka pia. "Mchongo" lilikuwa neno zuri, likimaanisha dili au nafasi ya kazi. Siku hizi ukisikia kitu ni "cha mchongo", ujue ni feki, kimepangwa.

4. Nani anaongea ndani ya wimbo?

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kwenye "Ndio Mzee" ya mwaka 2001, Professor Jay anavaa sauti ya mwanasiasa anayemwaga ahadi zisizowezekana, huku wananchi wakiitikia tu. Ukisikiliza juu juu utadhani msanii anaahidi. Kumbe anamcheka mgombea, na anatucheka sisi tunaoitikia kila kitu bila kuuliza.

Cha kufurahisha, miaka 14 baadaye naye aligombea, akawa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Kabla yake, Sugu alishaingia bungeni mwaka 2010 kupitia Mbeya Mjini.

5. Wimbo ukitoka, msanii hana tena rimoti

Mwaka 2002 kundi la Gidi Gidi Maji Maji la Kenya lilitoa "Unbwogable". Katikati ya neno hilo kuna kitenzi cha Kijaluo kinachomaanisha kutisha, kimevishwa viambishi vya Kiingereza mbele na nyuma. Maana yake: hatutishiki. Muungano wa upinzani wa NARC uliuchukua ukawa wimbo wa kampeni, na mwezi Desemba mwaka huo KANU ikaanguka baada ya karibu miaka 40 madarakani.

Tanzania tuna mfano wa "Wapo" ya Nay wa Mitego. Machi 2017 msanii huyo alikamatwa na polisi, na BASATA wakaufungia wimbo, maana ulionekana kuigusa serikali. Muda mfupi baadaye ikatangazwa kuwa Rais John Magufuli ameupenda, ameagiza Nay aachiwe na wimbo upigwe. Hata akashauri waongezwe wengine wa kusemwa humo, kama wakwepa kodi.

Mistari ilikuwa ile ile. Kuna aliyesikia matusi, na kuna aliyesikia ukweli. Kwa msanii, tofauti hiyo ilikuwa ni kulala selo au kurudi nyumbani.

Kwa hiyo ukikutana na mstari mgumu, usikimbilie kamusi, maneno mengi ya mtaani humo hayamo. Muulize mtu wa mtaa na rika la msanii. Angalia wimbo ulitoka mwaka gani na nchi ilikuwa na gumzo gani wakati huo. Kisha rudia kusikiliza ukijiuliza: anayeongea hapa ni rapa mwenyewe, au ni yule anayemsema?