Zilipendwa, lakini na nani?

Ndugu msikilizaji, hivi majuzi nilikuwa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, nikisubiri gari la kwenda Haydom kwa njia ya Basotu. Ukisubiri gari la njia hiyo, unapata muda wa kutosha wa kufanya mambo mengine. Mimi niliutumia muda wangu katika mgahawa mmoja karibu na stendi, kwa chai ya maziwa na chapati mbili, mlima Hanang ukiwa umejifunika wingu kama mgonjwa wa malaria.

Meza ya pili walikaa wazee wawili. Kijana mwenye mgahawa alikuwa amefungulia muziki kutoka kwenye simu, wimbo wa zamani wa dansi, gitaa la solo likilia polepole. Mzee wa kwanza akasema, "Hiyo ni Sikinde." Wa pili akaweka kikombe chini. "Sikinde gani, mwenzangu? Hiyo ni JUWATA. Msikilize Gurumo huyo." Na wa kwanza naye: "Ndiyo, Gurumo. Kwani Sikinde aliianzisha nani?"

Naam, hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa muda wa karibu saa nzima nilisikia majina ya bendi, miaka, wapiga gitaa, nani alitoka wapi na nani alimfuata. Wazee wale walibishana kama mawakili. Nilipowauliza ni lini walikwenda Dar es Salaam kuziona bendi hizo, walitazamana, kisha wakacheka. Hakuna aliyewahi. Mmoja alifika Dar mwaka 1991 kwa matibabu, akakaa siku nne, akarudi. Maisha yao yote waliucheza muziki huo kwa masikio.

Kwa wale ambao umri wao haukuruhusu, nieleze kidogo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: ikawa JUWATA, baadaye OTTU, na leo tunaijua kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo, Muhidin Maalim Gurumo akiwemo, walitoka wakaanzisha Mlimani Park, na mtindo wao ukaitwa Sikinde. Mwanzoni walikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 wakachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 tajiri mmoja, Hugo Kisima, akamchukua Gurumo pamoja na wenzake kadhaa kutoka Mlimani Park, naye Hassani Bitchuka akiwa miongoni mwao, wakaunda International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule. Kisha Gurumo huyo huyo akarudi Msondo, akaishia huko.

Sasa niambie, msikilizaji, ukiwa shabiki wa Sikinde, Gurumo ni wako au si wako? Na ukiwa wa Msondo, miaka ile saba aliyokuwa Mlimani Park unaihesabu vipi? Mzee wa Msondo alinijibu kwa mkato: "Mtoto akienda kwa shangazi, bado ni wa kwetu."

Mabishano ya namna hii si ya Katesh peke yake. Uingereza katika miaka ya 1970 kulikuwa na muziki wa roki wenye nyimbo ndefu, wimbo mmoja ukijaza upande mzima wa santuri, na mashabiki wake wanagombana mpaka leo. Kundi la Genesis lilimpoteza mwimbaji wake, Peter Gabriel, mwaka 1975, mpiga ngoma Phil Collins akachukua kipaza sauti. Wapo watu wazima, wenye wajukuu, wanaoapa kwamba Genesis ilikufa siku ile. Na mwaka 1985, mwaka ule ule wa Ndekule, Roger Waters alijitoa Pink Floyd, na hadi leo kuna nyumba ambazo hutaji jambo hilo wakati wa chakula. Mtu akipenda kitu akiwa na miaka ishirini, anataka kikae vile vile alivyokiacha.

Lakini Hanang na Mbulu kuna jambo moja la ziada. Yule shabiki wa London alikuwa na santuri yake nyumbani. Mzee wangu wa Katesh alikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, basi.

Nchi hii haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zetu zilirekodi katika studio za RTD, na zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Miaka hiyo ndiyo Mlimani Park ilikuwa inachipuka. Kwa hiyo nyimbo nyingi ambazo taifa zima lilizijua kwa moyo hazikuwa dukani. Zilikuwa kwenye mkanda mmoja, katika kabati moja, Dar es Salaam, na uliweza kuzisikia pale tu mtangazaji alipoamua. Huku nyanda za juu betri zilikuwa ghali na mara nyingi hazipatikani. Zilizochoka zilianikwa juani kama mahindi ili zipate pumzi ya kipindi kimoja zaidi. Mimi mwenyewe, nikiwa mtoto katika miaka ya 1980, kazi yangu ilikuwa kuzigeuza.

Hapo ndipo ubishi wa kitaalamu ulipoanzia, na kwangu ndio uliokuwa mtamu kuliko ule wa Gurumo. Wimbo wa dansi wa enzi zile una sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanasimulia kisa taratibu, beti kwa beti; halafu unakuja mchemsho, chemko kama wanavyouita wenyewe, magitaa yanafukuzana na matarumbeta yanajibizana, na hapo ndipo watu husimama. Santuri ndogo ya Nairobi haikuweza kuubeba wimbo mzima upande mmoja. Walikata: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, nawe katikati unainuka kwenda kugeuza. Mkanda wa redio haukukata. Mzee wa Sikinde anashikilia kwamba wimbo wa kweli ni ule wa redio, na kwamba anayeujua kwa santuri tu hajawahi kuusikia wimbo, ameusikia mzoga wake. Mwenzake anasema santuri ilipigwa vizuri zaidi, vyombo vinasikika kimoja kimoja. Katika hili mimi niko na mzee wa Sikinde. Chemko ikitenganishwa na kisa chake ni kelele tu.

Niliomba ushahidi. Nikajibiwa kwamba ulikuwepo. Mzee wa Sikinde alikuwa na kaseti zaidi ya sitini alizozirekodi mwenyewe kutoka redioni kwa miaka mingi, kila moja ikiwa na orodha kwa mwandiko wake: wimbo, bendi, tarehe aliyousikia. Desemba 3, 2023, matope na mawe yalipoporomoka kutoka mlimani na kuingia Katesh, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba ya mzee ilibaki kuta mbili. Yeye na mkewe walitoka salama, na aliponisimulia hakuona haya kusema kwamba kwanza alimshukuru Mungu, na wiki ya pili akaanza kuchimba. Alipata kaseti nane. Hakuna hata moja inayolia.

Kwa hiyo ubishi wao sasa ni wa kumbukumbu mtupu. Mmoja akisema tarumbeta liliingia kabla ya gitaa, mwingine hana pa kumpeleka.

Na kumbukumbu inajua kuchagua. Waulize watu wa Mbulu kuhusu Simba Wanyika, watakwambia ni bendi ya Kenya. Ukweli ni kwamba ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuwa Watanzania kutoka Tanga. Walipiga na Jamhuri Jazz huko, wakaja Arusha wakaanzisha Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Nairobi walikojiita Simba Wanyika. Wakati huo Mbulu na Hanang zilikuwa Mkoa wa Arusha. Manyara imezaliwa mwaka 2002. Maana yake ni kwamba bendi iliyotokea mkoani kwetu tuliisikia kama ya wageni. Wazee wangu hawakulipenda hilo hata kidogo. Mmoja alidai nimelitunga.

Nikawaongezea la Patrick Balisidya, kwa uchokozi. Balisidya wa Afro 70, mtu wa Dodoma, aliyeupiga wimbo wa Harusi ambao bado unachezwa kwenye sherehe, bibi harusi akiwa hajui umetoka wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Uswidi akarekodi na kundi la huko liitwalo Archimedes Badkar, yaani beseni la kuogea la Archimedes, vijana wa ule muziki wa roki wa majaribio ambao kwao uliitwa progg na ambao ulijitenga na kampuni kubwa za santuri. Santuri hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Leo wakusanyaji wa santuri Ulaya wanaitafuta. Balisidya alifariki mwaka 2004. Wazee walinyamaza kidogo, kisha wa Msondo akauliza: "Na hiyo ilipigwa RTD?" Nikasema sijawahi kuisikia huko. Akatikisa kichwa. Kwa kipimo chake, ambacho hakikupigwa RTD hakikutokea.

Hapo ndipo alipoingia mtu wa tatu. Alikuwa amekaa pembeni muda wote, mzee wa Kibarbaig, shuka begani na fimbo magotini, wala hakuwa ameonyesha dalili ya kusikiliza. Akasema kwa Kiswahili cha taratibu: "Ninyi mlikuwa mnacheza. Sisi tulikuwa tunahamishwa."

Mgahawa ukatulia. Mzee wa Sikinde, ilibainika, alikuwa fundi matrekta katika mashamba ya ngano ya Basotu. Mashamba yale yalianzishwa kwa msaada wa Kanada, yakasimamiwa na NAFCO, yakafikia saba, katika eneo linalokaribia ekari laki moja za ardhi nzuri kuliko zote Hanang. Wafanyakazi walitoka pande zote za nchi. Walikuwa na jenereta, walikuwa na mshahara, na kwa hiyo walikuwa na redio na betri mpya. Kwake yeye miaka ile ni miaka ya Zuwena ya Marijani Rajabu na Neema ya Mlimani Park, Jumamosi jioni, vumbi la ngano likiwa bado kwenye nywele. Kwa mzee wa pili miaka ile ile ni ya trekta kupita juu ya malisho na juu ya makaburi ya wazee wake. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Baadaye Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Tarehe hizo si mbali na tarehe za Ndekule.

Fundi wa matrekta hakubisha. Alisema tu, "Mimi nilitumwa, kaka." Yule wa shuka akajibu, "Najua. Hata hivyo nasema."

Nilimuuliza mzee huyo kama yeye hakuwa na redio. Alikuwa nayo, akasema, kaka yake aliinunua mnadani. Walisikiliza bei na hotuba. Muziki ule ulikuwa Kiswahili, na Kiswahili wakati huo kwao kilikuwa lugha ya mtu anayekuja na karatasi. RTD haikutangaza kwa lugha za makabila. Ngoma za asili zilirekodiwa na kupigwa, ndiyo, lakini zilipangiwa kipindi chake pembeni, na hakuna mtu aliyewahi kuziita zilipendwa. Wairaqw wa Mbulu wangeweza kusema hivyo hivyo. Mama yangu mkubwa mmoja wa huko Dongobesh aliniambia zamani kwamba Kiswahili alijifunza kwa Mbaraka Mwinshehe, na kwamba siku Mbaraka alipokufa kwa ajali Mombasa, Januari 1979, alilia kwa Kiiraqw kwa sababu kile cha Mbaraka hakikumtosha.

Sikupata la kuwaambia wazee wale, na hawakulihitaji. Walikuwa wamerudi kwenye Gurumo. Mzee wa Msondo alikuwa anamweleza yule wa shuka jinsi Diamond Platnumz alivyompa Gurumo gari mwaka 2013, mwaka aliostaafu, na mwaka uliofuata akafariki. Alilieleza kama sifa. Mzee wa Kibarbaig akauliza alipiga muziki miaka mingapi. Akaambiwa karibu hamsini. Akauliza tena, "Na hao waliokuwa na redio walimpa nini?" Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA ni ya mwaka 1999. Kabla ya hapo jibu la swali lile ni fupi mno kulitangaza.

Gari likaja saa nane na nusu. Mzee wa Sikinde naye alikuwa anakwenda Basotu kumtazama mjukuu, tukakaa kiti kimoja. Dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichomeka flashi, na mara likatoka gitaa lile lile la polepole, likafuatiwa na sauti ambayo mzee aliifumbia macho. Tulipita kona ya kwanza, ya pili. Chemko ilipokaribia, aliinama mbele akamgusa dereva begani.

"Mwanangu, hao ni nani?"

Dereva akatazama kioo kidogo cha redio. Kilikuwa kimeandikwa namba tu, 07.

"Zilipendwa, babu," akasema, na akaruka kwenda wimbo wa nane.