Mgawo wa Timu: Habari za Mashindano ya Kriketi Katika Nchi Mbalimbali

Wasikilizaji wetu, sisi tulio walimu twajua neno moja lisiloandikwa katika vitabu vya shule. Siku ya michezo, ugomvi hauanzi mpira ukisharushwa. Huanza mapema, wakati mwalimu agawapo watoto mafungu mawili. Akiwagawa kwa mabweni, jioni hula pamoja na kucheka. Akiwagawa kwa makabila, aliyeshindwa halali usingizi, na huenda hata wazee wake nyumbani wakauliza habari. Uwanja ni ule ule na mpira ni ule ule. Kilichobadilika ni mgawo tu. Jioni hii twataka kuwaeleza jinsi nchi kadha wa kadha zilivyogawa watu wao katika mashindano ya kriketi, na mambo yaliyotokea kwa ajili ya mgawo huo.

Kriketi ni mchezo wa watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Mmoja hurusha mpira mgumu ili avipige vijiti vitatu vilivyosimamishwa, na mtu wa upande wa pili huvilinda kwa gongo la ubao. Katika mashindano makubwa ya kale, mchezo mmoja huchukua siku tatu au nne. Kwa hiyo haupangwi kwa haraka: lazima pawe na halmashauri, na tarehe, na sheria ya kuonyesha ni nani aliye wa upande gani. Sheria hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote.

Na tuanze kwa Uingereza, maana ndiko mchezo ulikotoka. Nchi ile imegawanywa tangu zamani katika majimbo yaitwayo kaunti, na watu walizoea kushindana kaunti kwa kaunti. Lakini mchezaji hodari aliweza kuchezea kaunti hii leo na nyingine kesho, akifuata fedha. Basi mwaka wa 1873 ikawekwa sheria kwamba kila mtu achague kaunti moja tu kwa msimu, ama aliyozaliwa ama anayokaa. Na mgeni asihesabiwe mwenyeji mpaka amekaa miaka miwili. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waingereza nao walimpa mgeni gongo, ila walimngoja zaidi kidogo.

Mwaka wa 1890 mashindano yakawa rasmi, kaunti 8 zikashindana, na Surrey wakashinda. Siku hizi kaunti ni 18, na ya mwisho kuingia ilikuwa Durham, mwaka wa 1992. Tangu mwaka wa 2000 zimewekwa katika madaraja mawili, wanaofanya vizuri hupanda na wanaofanya vibaya hushuka. Watu wa Yorkshire walishika neno la kuzaliwa kwa nguvu mno, wakamkataa asiyezaliwa kwao. Ingawa Lord Hawke, kapteni wao wa miaka mingi, mwenyewe alizaliwa Lincolnshire! Desturi hiyo ilidumu hata mwaka wa 1992, walipomkaribisha kijana wa Bara Hindi wa miaka 19, Sachin Tendulkar.

Walakini Uingereza nayo ilikuwa na ukuta wake. Tangu mwaka wa 1806 palikuwa na mashindano ya Mabwana, yaani wachezao bila mshahara, na Wachezaji, yaani walipwao. Hata katika timu moja ya kaunti, watu wa namna hizi mbili huingia uwanjani kwa milango mbalimbali. Ukuta huo ulibomolewa mwaka wa 1962, na tangu hapo wote wakaitwa wachezaji tu.

Australia ilikuwa na kazi nyepesi zaidi. Bwana mmoja mkubwa wa Uingereza, Lord Sheffield, alipeleka timu huko katika msimu wa 1891 na 1892, akatoa paundi 150 kusaidia mchezo wa nchi ile. Kwa fedha hizo wakatengeneza ngao, na msimu uliofuata yakashindana makoloni matatu: New South Wales, Victoria na South Australia. Makoloni yalipoungana kuwa nchi moja mwaka wa 1901, mashindano hayakuhitaji kugeuzwa. Wakaongezwa Queensland, kisha Western Australia, mwisho Tasmania, hata leo ni timu sita. Kila mmoja hucheza na kila mwenziwe mara mbili, na wawili walio juu hukutana mwishoni.

Sasa tufike Bara Hindi, ambako habari ni ndefu. Huko mashindano makubwa ya kwanza yalikuwa katika mji wa Bombay, ambao leo huitwa Mumbai. Waparsi walijifunza mchezo mapema, na tangu mwaka wa 1892 wakacheza na Wazungu kila mwaka. Mwaka wa 1907 wakaingia Wahindu, na mwaka wa 1912 wakaingia Waislamu. Mwaka wa 1937 ikaongezwa timu ya tano, ikaitwa Wengineo, ya Wakristo wa Kihindi na watu wote waliosalia. Ndiyo kusema, mtu alichezea dini yake, na watazamaji maelfu walikuja kuitazama dini yao ikishinda au ikishindwa.

Katika timu ya Wahindu alikuwamo mtu mmoja, jina lake Palwankar Baloo, mrushaji mpira hodari sana. Alizaliwa katika tabaka la chini, watu walioitwa wasiogusika. Yasimuliwa kwamba wenzake waliushika mpira alioushika yeye, lakini wakati wa chai yeye alinyweshwa nje, katika kikombe cha udongo. Mwaka wa 1911 alikwenda Uingereza na timu ya Bara Hindi, akaangusha wiketi zaidi ya 100. Hata hivyo hakupewa ukapteni wa Wahindu. Ndugu yake Vithal ndiye aliyeupata, mwaka wa 1923, na mwaka huo Wahindu wakashinda.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1940, wakuu wa chama cha mchezo cha Wahindu walimwendea Mahatma Gandhi kumwuliza shauri. Akawajibu kwamba mashindano ya vyuo aliyaelewa, lakini hakupata kuelewa kwa nini pawe na timu za Wahindu, Waparsi na Waislamu. Mashindano hayo yalikoma mwaka wa 1946. Mwaka uliofuata nchi yenyewe ikagawanyika kwa dini, na watu wengi sana wakafa. Hatusemi kwamba mchezo ndio ulioleta msiba huo; twasema tu kwamba mchezo haukuwasaidia watu kuukimbia.

Hata hivyo njia nyingine ilikuwa imekwisha funguliwa. Mwaka wa 1934 yalianza mashindano ya majimbo, yakaitwa kwa jina la Ranjitsinhji, mchezaji mashuhuri aliyefariki mwaka wa 1933. Humo mtu huchezea mahali anapotoka, au kazi yake, maana Reli na Jeshi wana timu zao. Mashindano haya yangali yakichezwa mpaka leo.

Afrika ya Kusini walikuwa na kikombe tangu msimu wa 1889 na 1890, kilichotolewa na Sir Donald Currie, mwenye meli. Lakini kwa muda wa miaka mingi walioshindania kikombe hicho walikuwa Wazungu peke yao. Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town, hakuruhusiwa kwa sababu ya rangi yake. Akavuka bahari mwaka wa 1960, akaingia Worcestershire mwaka wa 1964, na mwaka wa 1966 akaichezea Uingereza. Alipochaguliwa kwenda na Waingereza Afrika ya Kusini mwaka wa 1968, serikali ya huko ikamkataa, na safari ikavunjwa. Tangu mwaka wa 1970 nchi ile haikupata tena kucheza na mataifa, mpaka vyama vya rangi mbalimbali vilipounganishwa mwaka wa 1991.

Wala tusiwacheke wengine. Katika Nairobi, tangu mwaka wa 1910, walishindana Maofisa na Masetla. Na tangu mwaka wa 1933 Wazungu na Waasia. Mwafrika hakuwa na upande humo.

Basi, wasikilizaji, na hasa ninyi vijana mtakaokuwa walimu, tumejifunza nini? Mgawo wa mahali una mlango: mgeni akikaa, huwa mwenyeji. Mgawo wa rangi na wa kuzaliwa katika tabaka hauna mlango hata mtu akikaa miaka mia. Siku ya michezo mtakaposimama mbele ya watoto na kuwahesabu moja, mbili, moja, mbili, kumbukeni kwamba hapo mnawafundisha somo, ingawa hamna ubao wala chaki. Kwa herini.