Uhuru, Ukombozi na Uungwana: Maana ya Kutoka Utumwani katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Utangulizi

Historia ya Ukristo katika mwambao wa Ziwa Mweru, ambako leo ipo wilaya ya Nchelenge, Zambia, husimuliwa mara nyingi kama historia ya wamishonari waliokuja kukomesha biashara ya watumwa. Usimulizi huo una ukweli, lakini unaacha swali la msingi: waliotoka utumwani walielewa nini walipoambiwa kuwa wako huru? Makala hii inadai kwamba, kwao, uhuru haukuwa kukosa bwana tu. Ulikuwa kumalizwa kwa deni na kupata watu wa kuwa nao.

Deni, ukoo na lugha

David Livingstone alifika Mweru tarehe 8 Novemba 1867, akisaidiwa safarini na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, ilhali biashara ya watumwa iliyokuwa mikononi mwa watu wa namna hiyo aliilaani. Nchi ya Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa, ilikuwa kwenye njia ya misafara ya pembe, shaba na watu. Wengi walitekwa vitani. Wengine walitolewa na jamaa zao kulipa fidia au kushika rehani ya deni. Mtumwa, yaani umusha kwa Kibemba, alikuwa kwanza mtu aliyekatwa na ukoo wake. Ukoo ukipata mali, uliweza kumtoa kwa malipo, na tendo hilo huitwa ukulubula.

Kitenzi hichohicho kilichukuliwa na lugha ya dini kueleza kazi ya Kristo. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo: kilichowekwa rehani hukombolewa, na Kristo ni Mkombozi. Aidha, katika pwani ya Afrika Mashariki kinyume cha mtumwa kilikuwa muungwana, mtu mwenye nasaba na heshima. Hivyo mahubiri ya ukombozi hayakuingia katika masikio matupu. Msikilizaji alijua kwamba anayekombolewa hulipiwa na mtu fulani, na kwamba baada ya malipo hurudi kwa watu fulani.

Mkusanya watu

Msiri, mtawala wa Garenganze, aliuawa mwezi Desemba 1891, na mji wake wa Bunkeya ukatawanyika. Dan Crawford, mmishonari Mskoti wa Plymouth Brethren, alihamia Mweru na katika miaka ya 1890 akaanzisha Luanza, upande wa magharibi ambao sasa ni Kongo. Waliokusanyika huko walikuwa pamoja na watu waliopoteza koo zao. Jina alilopewa, Konga Vantu, lina maana ya mkusanya watu. Jina hilo halimsifu kwa kuvunja minyororo. Linamtambua kwa kuwapa waliotawanyika mahali pa kuhesabiwa.

Hata hivyo, kanisa halikufuta deni kwa neno pekee. Ushahidi mzito ni maisha ya Bwanikwa, mwanamke Mluba wa Katanga, yaliyoandikwa na mmishonari Dugald Campbell na baadaye kuchambuliwa na mwanahistoria Marcia Wright. Bwanikwa alipitia utumwa mara kumi. Mwishowe aliolewa na Mkristo, lakini hakujiona huru, kwa kuwa mumewe alikuwa amempata kwa malipo. Alitafuta mali kwa jasho lake, akamlipa mumewe, akajikomboa. Ubatizo na ndoa vilikuwa vimempa jamaa mpya. Hadhi ya muungwana alijitwalia mwenyewe, kwa njia ambayo jamii yake iliitambua.

Hitimisho

Mambo mawili yanafuata. Kwa wanaisimu, uhuru, ukombozi na uungwana si visawe: neno la kwanza hutaja hali, la pili malipo, la tatu hadhi mbele ya watu. Tafsiri inayotumia uhuru peke yake hupoteza theluthi mbili za maana. Kwa washauri wa sera, tamko la kisheria dhidi ya kazi ya kulazimishwa halitoshi ikiwa deni lililomfunga mtu limebaki na jamaa wa kumpokea hawapo. Bwanikwa alilijua hilo kabla ya sheria kulisema: aliyefunguliwa bila kulipiwa deni wala kupokelewa bado yuko njiani.